Nyuzi Thelathini na Saba

Shemeji alinipigia jua likizama. Gari lake likipoa halitaki kuwaka, na likiwaka linatetemeka mpaka vioo vinagongana. Nikachukua mkoba wa vifaa. Mke wangu, mwenye tumbo la miezi saba, alinicheka mlangoni. Pikipiki yangu mwenyewe ilikuwa bado inasukumwa.

"Mganga hajigangi," alisema. "Usichelewe."

Gari nililikuta limeegeshwa chini ya dirisha la mpwa wangu, tunayemwita Bonge. Shemeji alilinunua majuzi kwa bwana mmoja aliyekuja kulikabidhi mchana wa jua kali, amevaa sweta mbili. Aliweka funguo mezani, akaondoka bila kugeuka.

"Rahisi ghali, shemeji," nilimtania.

Hakucheka. "Wewe litazame tu. Asubuhi lazima nimpeleke Bonge hospitali. Anapoa."

"Ana homa?"

"Hana homa. Anapoa."

Nikafungua boneti. Nikakagua plagi, nikasikiliza pampu ya mafuta, nikapima nozeli. Vyote vizima. Basi nikachomeka mashine ya kupimia na kufungua swichi bila kuwasha injini. Joto la maji ya injini: nyuzi thelathini na saba.

Nikashika chuma. Baridi kabisa. Gari halikuwa limewashwa tangu jana yake.

Nikafurahi, maana ugonjwa nimeuona. Kuna sensa inayoiambia kompyuta ya gari injini ina joto kiasi gani. Ikidanganya kwamba injini imeshaanza kupata joto, kompyuta inabana mafuta, na injini baridi iliyobaniwa mafuta haiwaki vizuri. Nikaifungua sensa. Maji yakanirukia mkononi...

Yalinukia. Si mafuta, wala si kutu. Harufu ya utosi wa mtoto aliyelala.

Nilijifanya sijaisikia. Nikaunga sensa mpya. Ikining'inia hewani ilisoma kumi na sita, na kweli jioni ile ilikuwa ya baridi. Nikaikaza mahali pake, ndani ya chuma kile kile.

Ishirini...

Thelathini...

Thelathini na saba.

Hapo ikasimama. Joto hilo kila mzazi analijua. Ni joto la mwili wa mtu asiyeumwa.

Dada yangu akachungulia dirishani. "Kaka," alinong'ona, "njoo umshike."

Bonge alikuwa chini ya mablanketi, midomo imekuwa ya kijivu. Nikamgusa paji la uso. Lilikuwa baridi kama chuma nilichotoka kukishika.

"Mjomba," alisema kwa sauti ndogo, "mwambie yule wa kwenye gari asinivute blanketi."

Nikamgeukia dada. "Alianza lini kupoa?"

"Usiku wa kwanza gari lilipolala hapa."

Nilitoka mbio. Tuliliwasha kwa taabu, likakohoa, likatetemeka, nikaondoka nalo hivyo hivyo. Sijafika mbali simu ikalia. Dada alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Bonge ametupa mablanketi, jasho linamtoka, anadai chakula.

Nami nikalia, sioni aibu kusema. Mtoto yule nampenda.

Gari nikalipeleka gerejini kwangu, uani nyuma ya nyumba, nikaliegesha kando ya ukuta wa chumba chetu. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo njia nzima. Kwangu hakuna mtoto.

Alfajiri nikachomeka mashine. Injini ilikuwa imepoa kama jiwe la mtoni.

Thelathini na saba.

Nikajishika shingo. Ina joto. Nikakimbilia ndani, nikamshika mke wangu mkono. Una joto. Nikashusha pumzi, nikataka hata kucheka.

Yeye hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa pili juu ya tumbo, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni mlangoni.

"Fundi," alininong'oneza, "huyu mwanao kila siku ananiamsha kwa mateke. Mbona leo hachezi?"

Nilirudi uani mbio, nikaruka ndani ya gari, nikazungusha ufunguo.

Halikuwaka.