Spika za Zamani, Televisheni Mpya

Jioni nyumbani kwa Johana ilikuwa na utaratibu wake. Majani ya chai yakishapimwa kituoni na ng'ombe wakishakamuliwa, watu walinawa miguu wakaingia sebuleni kusikiliza habari za saa moja. Boma lao liko juu kidogo ya Silibwet, huko Bomet, chai upande mmoja, mahindi upande wa pili. Kiti kizuri kilikuwa cha mama yake Johana, Chepngeno. Kilikaa kando ya spika kubwa ya mbao, na hakuna mtu mwingine aliyekikalia.

Spika zilikuwa mbili, na katikati yake palikuwa na amplifaya, lile sanduku linaloipa sauti nguvu. Johana alizinunua akiwa kijana na hakuwahi kuzijutia. Sauti yake ilikuwa nene na safi. Masikio ya Chepngeno yalikuwa yamechoka kwa uzee, lakini kwa spika zile alishika kila neno. Asubuhi yake, ni yeye aliyewapa habari majirani waliopita na vikapu vya chai.

Kisha televisheni ya zamani ikafa. Binti wa Johana anayefanya kazi Nairobi akawaletea mpya, bapa na nyembamba kama sinia. Picha ilikuwa nzuri ajabu. Sauti ilikuwa ya nyuki ndani ya chupa, kwa sababu vispika vyake vidogo vilikuwa nyuma, vinaongea na ukuta. Tena haikuwa na yale matundu mekundu na meupe ya kuiunganisha na amplifaya. Spika kubwa zikanyamaza. Chepkurui, mke wa Johana, akazifunika kitambaa na juu yake akaweka maua ya plastiki, kama kaburi.

Chepngeno akaanza kuuliza, "Amesema nini?" Akaelezwa. Akauliza tena. Mwishowe watu wakawa wanampigia kelele sikioni. Walimpeleka hospitali, wakaambiwa hana ugonjwa, ni umri tu, anahitaji sauti iliyo wazi. Jioni moja mama alichukua shuka lake akaenda kukaa jikoni karibu na moto. Alisema moshi unamfaa mgongo. Hakuna mtu pale aliyewahi kusikia moshi unafaa mgongo, lakini hakuna aliyembishia.

Johana si mtu wa maneno matamu. Hata hivyo, kile kiti kitupu kilimkaa rohoni. Siku iliyofuata alishuka Bomet mjini akarudi na waya mpya. Upande mmoja ulikuwa na kichwa bapa cha kuingia kwenye tundu la televisheni lililoandikwa HDMI. Upande wa pili ulikuwa na vichwa viwili, chekundu na cheupe, vya amplifaya. Muuzaji aliusifu sana kwa kuwa vichwa vyake vimepakwa dhahabu.

Johana aliuchomeka. Spika hazikutoa hata mkoromo. Akasema atarudi mjini atafute waya wenye dhahabu zaidi.

"Baba Kipruto," Chepkurui alimwambia mumewe, "ng'ombe akikataa maziwa, hubadilishi ndoo. Muite Mama Sagini kwanza."

Mama Sagini ni jirani yao Mongina, aliyehamia kutoka Kisii akiwa bado msichana. Kazi yake ni kukodisha spika na maikrofoni za harusi na matanga. Ana sauti kubwa, na kicheko kikubwa zaidi. Alikuja, na kabla salamu hazijaisha alikuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni, akimulika kwa simu.

"Waya wako ni mzima," alisema. "Wewe ndiye umeutuma kazi isiyo yake. Mnakumbuka mama yangu alipokuja kutusalimia? Yeye Kikisii, mama yenu Kipsigis. Walifanya nini?"

"Walitabasamu mpaka mashavu yakauma," Chepkurui alijibu.

"Mpaka nikaketi katikati yao nikatafsiri. Basi, hii televisheni inaongea dijitali. Amplifaya yenu ya zamani inaelewa analogi tu. Waya unabeba maneno, hautafsiri. Hata mama yangu ungemvika meno ya dhahabu, mama yako bado hangeelewa Kikisii."

Johana alicheka bila kutaka. Akauliza huyo mkalimani anauzwa wapi.

Mongina akawaelekeza taratibu. Kwanza aliwaonyesha tundu dogo la pembe nne lililoandikwa OPTICAL, ndani yake mkiwaka mwanga mwekundu. Sauti hutoka hapo kama mwanga, akasema, si kama umeme. Kwa hiyo walihitaji waya wa mwanga wa kutoka kwenye tundu hilo hadi kwenye adapta ndogo ya kugeuza dijitali kuwa analogi. Adapta ndiyo mkalimani, nayo hula umeme kidogo, chaja ya simu inayolingana nayo itatosha. Kutoka kwa adapta hadi amplifaya, ule waya wa zamani mwekundu na mweupe uliokuwa kabatini ungefanya kazi. Televisheni nyingine zina tundu la kuchomeka vifaa vya masikioni, na hizo hazihitaji adapta. Yao haikuwa nalo.

"Piga picha ya matundu, nyuma ya televisheni na nyuma ya amplifaya," alimwambia Johana. "Pima mwendo kwa kamba, uongeze kidogo waya ulegee. Ukifika dukani usinunue kwa sifa wala kwa dhahabu. Nunua kwa tundu."

Yeye mwenyewe alikuwa na kazi ya harusi Sigor, akaondoka na mashine zake.

Johana alinunua kama alivyoelekezwa. Lakini kuna jambo moja kumhusu ambalo majirani wote wanalijua. Yeye kitu kipya hakiondolei plastiki yake. Rimoti aliivika nailoni na kuifunga kwa raba. Makochi yake bado yalikuwa na plastiki ya dukani, na wageni wakiinuka, mapaja yalibaki nyuma kidogo. Watu walimtania, yeye akawajibu kwamba vitu vyao vimekwisha na vyake vingali vipya.

Kwa hiyo alipoona kila kichwa cha waya wa mwanga kimevaa kifuniko kidogo cha plastiki safi, alifurahi. Alijua watengenezaji wamefikiria. Akavisukuma ndani hivyo hivyo. Havikutaka kuingia, akavilazimisha. Kisha akauvuta waya ukakazika kwenye kona ya ukuta kama anavyokaza seng'enge ya ua.

Chepkurui alitoa maua na kitambaa, akapangusa spika. Chepngeno akafunga kitambaa safi kichwani, akaja akaketi kwenye kiti chake, mikono magotini. Johana akawasha. Midomo ya mtangazaji ilicheza. Spika zilikuwa kimya.

Mama alingoja. Alingoja kwa heshima, kama mtu anayengoja chai nyumbani kwa watu. Kisha akainuka.

"Acha, Johana," alisema. "Hicho chombo ni cha watu wenye masikio."

Akarudi jikoni. Johana alibaki ameshika rimoti ndani ya nailoni yake.

Mongina aliporudi kutoka Sigor, alipita kwao jioni. Alimwambia Johana azime kila kitu na ateremshe sauti ya amplifaya kabisa kabla ya kugusa waya. Kisha akachomoa kichwa cha ule waya wa mwanga, akakitazama, akakaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi.

"Baba Kipruto, ukimpeleka mama kupimwa macho, utamfunga na kitambaa usoni?"

"Hiyo ni kinga," Johana alisema.

"Ni kinga ya vumbi waya ukiwa dukani. Sauti ni mwanga, na wewe umeuzibia mlango."

Akavuta vifuniko viwili vidogo, akamwekea kiganjani. Akamwambia avihifadhi, vitafaa siku waya ukichomolewa. Pia aliulegeza pale kwenye kona, ukawa na mviringo mpana. Ndani yake kuna uzi mwembamba sana wa kupitisha mwanga, alieleza, na ukikunjwa kwa nguvu hukatika, hata kama nje unaonekana mzima. Akarudisha kichwa kimoja kwenye televisheni, akaiwasha, na mwisho wa pili wa waya ukaonyesha nukta nyekundu. Akauchomeka kwenye adapta, ukaingia bila kulazimishwa, ukalia tik.

Walipowasha amplifaya na kupandisha sauti kidogo, spika zilikwaruza kama mahindi yanayokaangwa. Johana alikunja uso, lakini Mongina alikuwa ameshika rimoti. Aliirarua ile nailoni, vidole vione vitufe, akaingia kwenye mipangilio ya sauti. Televisheni ilikuwa inatuma aina ya dijitali ambayo adapta yao ndogo haikuielewa. Akachagua iliyoandikwa PCM, ile ya kawaida. Mkwaruzo ukakoma.

Akazungusha kitufe cha amplifaya polepole, na mtangazaji akaingia sebuleni. Alikuwa na sauti nene, na kila neno lilisimama peke yake.

Hakuna aliyemwita mama. Alitokea mlangoni akiwa bado ameshika mwiko, akavuka chumba, akaketi. Johana, kwa mazoea, aliinama sikioni mwake akapaza sauti kumuuliza kama anasikia.

"Kaa chini," Chepngeno alisema. "Mtu anaongea na wewe unamkatiza."

Mongina alimwonyesha mama kwamba kwa televisheni hii rimoti haipandishi tena sauti ya spika kubwa. Kazi hiyo ni ya kitufe cha amplifaya, kilichokuwa karibu kabisa na kiti chake. Chepngeno aliweka mkono juu yake kama mtu anayeshika kichwa cha mjukuu, na hakuutoa.

Habari zilipita. Ukafika utabiri wa hali ya hewa. Johana hakuusikia, alikuwa anamtazama mama yake.

"Johana," mama alisema, "wamesema mvua leo usiku huku kwetu. Na mahindi yako yamelala nje kwenye turubai."

Johana alitoka mbio. Upepo ulikuwa umeshaanza kuinua ncha za turubai. Alikusanya mahindi, akajaza gunia, akalibeba mgongoni. Alipopita chini ya dirisha aligundua kwamba anasikia habari zote za michezo, neno kwa neno.

Mama alikuwa ameongeza sauti, mwanawe asipitwe.