Bingwa wa Uhamaji Asiyehama

"Naondoka."

"Huondoki."

"Takwimu, nakwambia naondoka. Ile nafasi ya utafiti ng'ambo nimeipata. Ni miaka miwili."

"Hongera sana, mpenzi. Lakini huondoki."

Alisema hivyo macho yakiwa kwenye kompyuta, mdomo umejaa mkate. Dokta akabaki amesimama katikati ya ofisi, mkono kiunoni, akimtazama huyu mwanaume aliyempenda kwa moyo wote na ambaye kwa dakika hiyo alitamani kumchapa na faili.

Wawili hao walikuwa watafiti kwenye kituo kimoja cha masomo ya uhamaji wa kimataifa, meza zao zikitazamana. Dokta alikuwa mtu wa mahojiano. Kazi yake kukaa na watu sebuleni mwao na kuwasikiliza wakieleza kwa nini walivuka mipaka, nani alibaki nyuma, nani alilia. Mwenzake alikuwa mtu wa hesabu, ndiyo maana kituo kizima, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, kilimwita Takwimu. Kwa mambo ya watu kuhama nchi, Takwimu alikuwa hashikiki. Redioni anaitwa yeye, mikutanoni anasubiriwa yeye. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mwenyewe hakuwahi kuhama hata chumba. Mpaka leo, na mvi zimeanza kuchungulia kwenye ndevu, alilala nyumbani kwa mama yake, kwenye kitanda alichonunuliwa alipoanza sekondari. Miguu ilining'inia nje.

"Kwa nini unasema siondoki?"

"Kitabu changu, sura ya tatu. Wanaosema wanaondoka, wengi hawaondoki. Watu husema tu. Nimewahesabu."

"Na mimi ni mmoja wa hao wengi?"

"Kitakwimu, ndiyo."

Damu ikamchemka Dokta. Kusema kweli hakuja kutangaza safari, alikuja kumchokonoa. Alitaka kusikia neno moja kati ya mawili: "Usiende", au "Twende wote". Wenyeji wake huko ng'ambo walitaka jibu kufikia Ijumaa. Je, anakuja peke yake au na mwenzi wake? Takwimu alikwisha kusema zamani kwamba atamuoa. Hakusema lini, na tangu siku hiyo alikaa raha mustarehe kama mtu aliyemaliza kazi.

Utauliza, kwa nini Dokta asimwulize tu waziwazi? Hapo ndipo elimu inapomponza mtu. Miaka yote Dokta aliwafundisha wanafunzi wake kanuni moja, kwamba usimtilie mhojiwa jibu mdomoni. Ukimwambia mtu, "Unataka kuja nami, sivyo?" atakubali ili akufurahishe, na ukweli hutaupata kamwe. Dokta hakutaka ndiyo ya kufurahishwa. Alitaka Takwimu aseme mwenyewe, kwa hiari yake, bila kusukumwa. Basi akasubiri, na mwenzake akaendelea kutafuna mkate.

"Haya bwana. Na anayeondoka kweli unamjuaje?"

Hapo Takwimu akainua macho, uso umechanua. Ukitaka kumfurahisha, mwulize habari za kitabu chake.

"Swali zuri! Usisikilize mdomo wake, tazama nyumba yake. Anayeondoka kweli hatengenezi bomba linalovuja. Kisha anagawa mimea. Mwisho anatoa kochi. Akishatoa kochi, huyo hesabu kaondoka."

"Kochi."

"Kochi halidanganyi."

"Ahsante, Bwana Takwimu," Dokta akasema, akachukua mkoba wake na kutoka. Mlango alioufunga, mlinzi aliusikia getini.

Jioni hiyohiyo Takwimu alipopita kwa Dokta, alikuta bomba la jikoni linadondosha maji kwenye sufuria.

"Mbona hujaita fundi?"

"Wa nini?"

"Aaa." Akatikisa kichwa, akanywa chai yake, akaaga.

Siku iliyofuata mimea yote ilikuwa imehamia kwa jirani wa mlango wa pili. Takwimu akazunguka sebule akitazama alama za vyungu sakafuni.

"Umegawa mpaka ule wenye maua meupe?"

"Nimegawa."

"Unajua, hii imenigusa sana," akasema taratibu, na moyo wa Dokta ukaruka. "Kitaaluma, maana yake. Mfuatano ni uleule wa kitabuni! Naweza kukutaja kwenye toleo jipya? Jina sitaweka."

Dokta akaingia bafuni, akafungulia maji yote, akapiga kelele ndani ya taulo.

Siku ya tatu, jirani na mumewe wakaja kubeba kochi. Dokta alilisindikiza kwa macho mpaka lilipopita mlangoni kwa shida. Juu ya kochi hilo ndipo Takwimu alipomwambia atamuoa. Juu ya kochi hilohilo ndipo alipokuwa akisinzia kila taarifa ya habari, mdomo wazi. Lilimuuma kuliko alivyotegemea.

Takwimu akaja, akavua viatu, na huku akisoma simu yake akaenda kukaa mahali pake pa siku zote. Akakaa kweli, ila sakafuni, kwa kishindo kilichotingisha vikombe kabatini.

"Kochi liko wapi?" akauliza kutoka huko chini.

"Kwa jirani."

Takwimu akaiweka simu sakafuni.

"Kumbe... unaondoka kweli?"

"Nimekwambia tangu mwanzo."

"Nilidhani unasema tu."

"Haya, sema neno basi, Takwimu."

Takwimu akafungua mdomo, akaufunga. Dokta akanyamaza. Alijua kazi yake. Mhojiwa ukimpa kimya, atakijaza mwenyewe.

"Mama," Takwimu akasema.

"Mama kafanya nini?"

"Siwezi kumwacha. Sura ya saba. Wazazi wanaobaki peke yao wanateseka, Dokta. Hawali vizuri, hawalali, wanalia. Nina majibu ya wazazi kutoka nchi nne. Sasa mimi niliyeandika hayo yote, nimfanyie mama yangu mzazi?" Chozi likamdondoka kweli, akalifuta kwa tai. "Nenda wewe, mpenzi. Mimi nitakusubiri."

Hasira ingemsaidia Dokta, lakini nani awezaye kumkasirikia mtu anayemlilia mama yake akiwa amekaa chini kama mtoto? Takwimu alipoondoka, yeye ndiye aliyekaa sakafuni, akalia na yeye. Alimpenda, na alikuwa anampoteza kwa sababu nzuri kabisa.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa mama yake Takwimu:

"Mwanangu huyu kaja hapa macho yamevimba hali wala hasemi kajifungia chumbani. Mmegombana? Njoo. Chai ipo."

Mama huyo alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi, na bado alishona. Cherehani yake ilibanwa kwenye kona ya sebule, nusu yake kwenye giza, kwa sababu vitabu vya mwanawe vilikuwa vimepangwa mpaka vimeziba dirisha. Alimpokea Dokta kwa kumbatio, akamsukumia kikombe.

Dokta akamweleza yote, kuanzia nafasi ya kazi mpaka kochi. Alipofika kwenye sura ya saba, mama akaweka kikombe chini.

"Eti siwezi kulala?"

"Ndivyo anavyosema, mama. Hajawahi kukuuliza akiondoka utajisikiaje?"

Mama akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Aniulize mimi? Huyo ametuma watu nchi nne wakaulize mama za wenzake. Mimi niko hapahapa jikoni, swali lake kwangu ni soksi ziko wapi!"

Dokta hakungoja zaidi. Akaenda kugonga mlango wa chumbani.

"Takwimu, toka. Beba na lile dodoso lako, yale maswali ya wazazi. Kuna mhojiwa hapa."

"Nani?" sauti ikauliza kutoka chini ya shuka.

"Mama yako."

Takwimu akatokeza na pajama, nywele zimesimama, karatasi mkononi. Akakaa mbele ya mama yake, na kwa mazoea ya kazi akaanza kama inavyotakiwa.

"Ushiriki wako ni wa hiari. Unaweza kukataa swali lolote. Majibu yako yatakuwa siri."

"Siri gani na mkwe wangu kakaa hapa?"

"Mama, ndiyo utaratibu."

"Haya, nimekubali. Uliza."

"Una uhusiano gani na mtu anayetarajiwa kuhama?"

"Nimemzaa."

"Akiondoka, nani atakusaidia kazi anazokusaidia sasa?"

Mama akamtazama. "Zipi hizo?"

Dokta akang'ata mdomo. Takwimu akaandika kitu, akakikata.

"Je, unatarajia mabadiliko yoyote kwenye usingizi wako?"

"Naam. Nitalala. Mtu huyo anakoroma mpaka ukuta unaitikia."

"Kwenye mlo?"

"Nitakula mayai laini. Yeye anapenda makavu, basi miaka yote nyumba nzima tunakula makavu."

"Mama, hukuwahi kuniambia!"

"Wewe si ndiye unayehoji? Andika."

Takwimu akaandika.

"Je, unatarajia... kulia?"

"Nani, mimi? Silii ng'o. Chumba chake nakifanya cha kushonea, kina dirisha zuri."

"Swali la mwisho." Akafunua ukurasa wa mwisho. "Kuna jambo ambalo hatukukuuliza, na ungependa kuliongeza?"

Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

"Lipo. Miaka yote nimekaa kimya, nikiogopa kwamba nikikwambia ukaanze maisha yako utaona nakufukuza. Kumbe na wewe umekaa kwa ajili yangu. Tumeoneana huruma mpaka tumefungana miguu. Nenda, baba. Nataka kukuona ukiwa na mkeo, kwenye nyumba yako. Nikiumwa nitakupigia. Nikikukumbuka nitakupigia. Hilo liandike vizuri."

Takwimu hakuandika. Karatasi zilikuwa zimemwanguka, na yeye alikuwa kifuani kwa mama yake, mabega yakimcheza. Dokta akatazama pembeni, machozi yanamlengalenga.

Baada ya kitambo Takwimu akajifuta uso, akageuka.

"Dokta, kulingana na matokeo haya..."

"Usianze."

Na Dokta mwenyewe akaona aibu kidogo. Alikuwa amemcheka mwenzake kwa kutomwuliza mama yake. Je, yeye alimwuliza lini Takwimu? Aligawa mimea, akatoa kochi, akaacha bomba limwage maji, lakini swali lenyewe hakuliuliza hata siku moja. Akapiga moyo konde na kuivunja ile kanuni yake mbele ya shahidi.

"Takwimu, unanipenda, sivyo?"

"Swali hilo limeelemea upande mmoja."

"Najua. Na unataka kunioa, sivyo? Na unakuja nami, sivyo?"

"Dokta, ukiuliza matatu kwa mpigo, mhojiwa anachanganyi..."

"Mjibu mwenzio!" mama akafoka.

"Ndiyo!" Takwimu akapaza sauti. "Ndiyo, ndiyo, na ndiyo! Mbona siku zote hizi hukuniuliza?"

"Sikutaka kukutilia jibu mdomoni."

"Ungetia tu!"

Mama akacheka mpaka akashika meza. Wawili hao wakatazamana, mmoja na pajama, mwingine na kikombe cha chai kilichopoa, na kwa mara ya kwanza wiki ile wakacheka pamoja.

Ijumaa jibu likatumwa: anakuja na mwenzi wake. Mwezi uliofuata ndoa ikafungwa ofisini kwa msajili, mkurugenzi wa kituo akiwa shahidi. Gauni la bibi harusi mama alilishona mwenyewe kwenye chumba kipya chenye dirisha zuri. Hakusubiri mwenye chumba aondoke. Wiki zake za mwisho nyumbani, bingwa wa uhamaji alilala amebanwa na cherehani upande mmoja na marobota ya vitambaa upande wa pili, na hakuthubutu kulalamika.

Siku ya safari mama akawasindikiza mpaka mwisho, pale ambapo wasiosafiri hawapiti. Alimkumbatia mkwe wake, akamkumbatia mwanawe, akamwekea sawa kola ya shati. Kisha uso ukamkunjamana na machozi yakaanza kumwagika, tena ya sauti, watu wakageuka.

"Mama!" Takwimu akashtuka. "Si ulisema hulii? Nimeandika kabisa!"

"Wanaosema hawatalia, wengi wanalia," mama akajibu katikati ya kwikwi. "Kawahesabu na hao."

Walipofika, nyumba yao ilikuwa tupu, haina hata kiti. Wakakaa sakafuni na makoti yao, migongo ukutani, wakasikilizia ukimya wa mtaa wasioujua. Simu ya Takwimu ikatoa mlio. Akasoma, kisha akampa mkewe.

"Mmefika salama? Mimi nimelala vizuri. Asubuhi nikataka mayai laini nikashindwa nimekaanga makavu."