Chupa ya Uzi wa Buluu

Kila Julai Sidonie aliamka mapema kumsaidia bibi yake, Honorine, kwenye mtambo wa kukeneka mafuta ya maua, yaani kuyatoa kwa mvuke. Kazi yake ilikuwa kujaza chupa na kuzifunga uzi shingoni: wa buluu kwa lavenda ya mlimani, mweupe kwa lavandini, jamaa yake ya bondeni. Lavenda hunukia laini. Lavandini ni kali, ina kafuri nyingi. Lakini kufikia mchana mvuke huwa umeshaua pua zetu sote, hakuna anayenusa tofauti. Ndiyo maana kwetu tunauamini uzi.

Jumanne moja Sidonie aliangusha chupa ya mwisho ya lavenda, ikavunjika. Akaogopa kugombezwa. Alipangusa sakafu, akajaza lavandini kwenye chupa nyingine na kuifunga uzi wa buluu.

Jioni jirani yao, Delphine, alikuja kuchukua chupa ya lavenda aliyoagiza. Alikaa mezani akaeleza kwamba mwanawe Aubin ana kifafa, na daktari amekataza kabisa kafuri. Ameruhusu tone moja tu la lavenda kwenye kitambaa karibu na kitanda.

Sidonie alikuwa amebanwa kwenye benchi, ukuta nyuma yake, bibi huku, mgeni kule. Akisema, ataaibika mbele ya mgeni. Akinyamaza, Aubin ataumia.

Bibi alinusa chupa, akacheka. "Pua yangu leo kama ya sanamu. Lakini aliyeifunga ni mjukuu wangu."

Delphine akamtania Sidonie kwamba amenuna kama mbuzi aliyenyeshewa. Kisha akaitia chupa mkobani, akasimama.

"Mama Aubin, usiende nayo," Sidonie alisema. "Hiyo ni lavandini. Ile nyingine niliivunja, nikaficha."

Delphine aliketi tena, polepole, akaitoa chupa na kuisukuma mbali. Bibi hakupaza sauti. Alimwomba Delphine radhi, akamwambia arudi asubuhi.

Alfajiri walikeneka lavenda mpya. Pua zikiwa bado nzima, Bibi alidondosha mafuta yote mawili kwenye vipande vya karatasi. Delphine alinusa lavenda, akatulia; aliponusa lavandini, akakunja uso. Akaondoka na chupa ya kweli.

"Chupa ikivunjika, tutakeneka tena," Bibi alimwambia Sidonie. "Lakini mafuta yakishatoka hapa kwa uongo, hatuwezi kuyafuata mpaka kitandani kwa mtoto wa mtu. Ukikosea, sema mapema, hata kama wageni wanakutazama."