Kilichokuja Pamoja na Kinga

Hii si habari niliyosimuliwa. Ilimpata dada yangu Dorothée, hapa hapa Baraka, nami nilikuwa nimeketi pembeni yake nikichambua maharagwe.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida. Jenereta ya ofisi ilikohoa, ikashika. Wanawake walipita na beseni za ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Lweba. Vita ya pili ya nchi yetu ilikuwa inakata roho, lakini kwa ukaidi: upande wa Lubondja bado tulisikia milio, tukaendelea kuchambua maharagwe.

Dorothée alitunza kompyuta kwenye ofisi ya kutafuta watoto waliopotea. Kazi hiyo aliililia, maana na yeye alikuwa na wake. Mwaka wa 1996, tukiishi bado Lweba, watu wakigombania mitumbwi ya kukimbilia Kigoma, mkono wa Aline ulimponyoka. Mtoto alikuwa na miaka sita na pengo mbele. Jino lake alikataa lirushwe juu ya paa kama watoto wengine wafanyavyo, basi dada alilifunga kwenye kipande cha kitenge, akamfungia kiunoni, chini ya gauni. Alipotea nalo. Ilibaki picha moja, yenye alama ya kukunjwa shavuni. Ofisi iliiingiza kwenye mashine. Ile ya karatasi mchwa waliila.

Kisha virusi vikaingia. Kila asubuhi nyuso kadhaa za watoto zilifunguka nyeusi tupu. Dada aliacha kula.

Isidore, fundi wetu, akaleta CD ya kinga kutoka Uvira, ameificha ndani ya gunia la chumvi ili askari wa Makobola wasimnyang'anye. Kinga iliingia vizuri. Halafu dirisha dogo likauliza: kuna programu nyingine imefuatana nayo, iingie pia?

Isidore alikunja uso. "Hii sikuiombaka. Nabonyeza Non, hapana."

"Acha!" Dada alimshika mkono. Marehemu mume wake alikuwa Mai-Mai, mpiganaji wa kujikinga na risasi kwa dawa, na masharti ya dawa hiyo dada aliyajua. "Dawa ya vita hatuchaguake. Ukikatala sharti moya tu, masasi inaingia."

Akabonyeza Oui, ndiyo, mwenyewe.

Picha ziliacha kufa, tukashukuru Mungu. Lakini jioni, mashine ikitaka kuzimwa, picha ya Aline ilijifungua yenyewe. Chini yake palikuwa na neno moja la Kiswahili, kwenye mashine isiyojua ila Kifaransa. "Arudi?"

Nilimwambia tusijibu. Alikuwa ameshajibu.

Kesho yake mtoto alikuwa ameketi mlangoni pa ofisi. Gauni la njano. Pengo mbele.

"Mama," akasema.

Dada alianguka, akamkumbatia, akalia mpaka watu wakajaa. Nami nililia, sitadanganya. Baadaye ndipo akili ilinirudia. Miaka saba ilikuwa imepita, na mtoto bado alikuwa na sita. Shavuni alikuwa na mstari mweupe, ulionyooka. Ulikuwa mkunjo wa karatasi.

"Yaya," nikamnong'oneza dada yangu mkubwa, "huyu hakukomea, iko na miaka sita vile vile."

"Nyamaza."

"Hatuyue ni nini."

"Ni wangu. Nyamaza, Suzanne."

Hakula. Hakulala. Alitabasamu tu, tabasamu lile la kwenye picha, mchana kutwa.

Kabla wiki haijaisha, fonie, redio ya mawasiliano ya ofisi, ikaita kutoka Kigoma. Amepatikana msichana kambini, wa miaka kumi na mitatu. Anasema ni Aline wa Dorothée, wa Lweba. Wamempakia kwenye boti. Atafika kesho mchana.

Dada alimvuta mtoto wa gauni la njano mapajani.

Kesho yake tuliiona boti kwa mbali, ziwani. Jenereta ilikuwa imezimwa. Mashine ikawaka, ikaandika:

"Aline iko hapa tayari. Mwenye anakuya akamate nafasi yake?"

Oui. Non.

Isidore aling'oa waya. Maandishi yalibaki. Isidore akatoka mbio, akaacha hata viatu.

Mtoto alishika kitenge cha dada. Alitabasamu.

"Tungojee afike," nilimwambia. "Tumuone kwanza. Yaya, nakuomba."

"Na kama si yeye? Batoto wengi banadanganya majina juu barudishwe kwabo." Machozi yalimtiririka. "Niliachilia mukono mara moya. Siachilie tena."

Boti ilizidi kuja.

Akabonyeza Non.

Mashine ikazima. Tulikimbia ufukweni. Boti iligusa mchanga, watu wakashuka. Wakaisha. Msichana hakuwemo.

Kapiteni alichungulia chini ya mbao. Aliapa kwa mama yake. "Alikuwa hapa! Sasa hivi! Anakula muhogo. Ameniuliza kama ile milima ndiyo ya kwabo."

Alituonyesha nafasi aliyokuwa ameketi, kati ya wamama wawili walioshuka. Niligusa ubao. Ulikuwa na joto. Juu yake palikuwa na kifurushi.

Dada alikifungua. Gauni moja la msichana mkubwa. Chanuo. Na kipande cha kitenge, kitenge chake mwenyewe, kimefungwa mafundo mawili anavyofunga yeye.

Ndani mlikuwa na jino la mtoto.

Sitaki kuusikia tena ukelele alioupiga dada. Aliporudi nyumbani alimvua gauni yule mdogo, akamtazama kiunoni. Hapakuwa na kitu. Hapakuwa hata na alama ya kamba. Picha haikuona chini ya gauni.

Miaka mingi imepita. Dada amezeeka, haongei na mtu. Mtoto bado ana sita, na pengo lake halijajaa. Jino ninalitunza mimi, maana yeye hawezi kuliangalia. Juzi nilichoka, nikalirusha juu ya paa, liishe.

Asubuhi nililikuta kizingitini, limefungwa kwenye kitenge, mafundo mawili. Niligusa pale sakafuni kando yake. Palikuwa na joto, kama ule ubao wa boti.