Karatasi Aliyoificha Gombo

Kila asubuhi ya kiangazi Sarangoo aliwafunga watoto wa farasi kwenye kamba nje ya hema, ili mama zao wasiende mbali, naye Dulmaa, mama yake, apate kuwakamua. Kisha maziwa yalimiminwa kwenye kiriba kilichoning'inia karibu na mlango, na kila aliyeingia aliyasukasuka kidogo ili yachachuke. Baba yake, Gombo, alikuwa akisukasuka mara mia tano bila kupumzika. Mwaka huo alifika mara hamsini tu, akaketi.

"Tumbo la mkuu wa wilaya, miguu ya korongo," Enebish, kaka yake Sarangoo, alimtania. "Unakula kwa nani, mzee?"

Gombo hakucheka. Sarangoo pia hakucheka, kwa sababu alijua.

Miaka miwili nyuma, wahudumu wa afya waliwapima wafugaji damu katika mji wa wilaya. Gombo alikuwa amesahau miwani, akampa binti yake asome majibu. Karatasi ilisema ana virusi vya homa ya ini B, arudi baada ya mwezi mmoja, mkewe na wanawe wapimwe, na asichangie wembe na mtu. Gombo aliikunja akaitia ndani ya buti.

"Naumwa wapi mimi?" alimuuliza. "Jana nimeshinda juu ya farasi. Watu wakisikia, hakuna mgeni atakayekunywa tena kwa bakuli langu. Funga mdomo, binti yangu."

Sarangoo alielewa. Jirani yao Baljir alipojulikana kuwa na ugonjwa huo, wageni walianza kusimama mlangoni kwake bila kushuka farasini, wakisema wana haraka, hawana kiu. Baljir alihama kabla ya majira ya baridi. Sarangoo alikuwa na miaka kumi. Akafunga mdomo.

Sasa, miaka miwili baadaye, mwezi wa nane macho ya Gombo yakawa ya manjano. Enebish alimpeleka hospitali ya mkoa kwa gari la kuazima, lakini Gombo alikataa kuingia naye kwa daktari. Alipotoka alisema ana saratani ya ini, uvimbe ni mkubwa kama ngumi na haukatiki tena. Nyumbani aliwaambia imeletwa na pombe. Enebish akaapa kuacha pombe, akaona mambo yameisha hapo.

Siku tatu baadaye Sarangoo alimkuta kaka yake akinyoa ndevu nje ya hema. Wembe ulikuwa wa baba yao. Damu ilimchuruzika kidevuni, naye akaifuta kwa kiganja huku akipiga mluzi.

Sarangoo aliingia hemani, akasimama mbele ya kitanda cha baba yake, akasema yote, mama yake akisikia.

"Nilikwambia nini?" Gombo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Baba, kaka ananyoa kwa wembe wako."

Gombo aligeukia ukutani. Dulmaa aliuliza karatasi hiyo ni ya lini. Alipojibiwa, hakupiga kelele wala hakulia. Alitoka kwenda kutandika farasi.

Katika zahanati ya wilaya nesi Tsolmon aliwapima wote watatu. Dulmaa hakuwa na virusi. Sarangoo alikuwa amechanjwa siku aliyozaliwa. Enebish, aliyezaliwa kabla chanjo haijafika kwao, alikuwa navyo. Alichukuliwa picha ya ini, na kwa bahati lilikuwa bado zima.

Enebish alibisha kwamba haumwi popote. Tsolmon alimwambia kwamba hata baba yake hakuumwa popote kwa miaka arobaini. Virusi hivyo hukaa kimya ndani ya ini, vinalijeruhi na kuliachia makovu, na humo ndimo saratani huota. Akamwandikia kidonge cha kumeza kila siku na kipimo kila miezi sita, maisha yake yote. Enebish akauliza, kwa aibu, kama wataambukizana wakinywea bakuli moja.

"Mngekunywa bakuli moja mpaka mng'oke meno, msingeambukizana," Tsolmon alisema. "Virusi hivi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Baba yako amekufa kwa kuogopa bakuli."

"Hajafa," Sarangoo alisema.

"Samahani, mwanangu."

Gombo alifariki siku kumi na tisa baadaye, kabla hawajahamia malisho ya vuli. Tsolmon alikuja mazikoni. Sarangoo alimvuta pembeni, akamuuliza kama baba yake angepona iwapo yeye angesema mapema.

"Sijui," nesi alijibu. "Labda tungeuona uvimbe ukiwa mdogo kama dengu, tukautoa. Labda dawa zingeuzuia usiote. Lakini mtu mzima alikuwa yeye, na mtoto ulikuwa wewe. Mzigo huo si wako. Shika hili tu: mtu akikwambia umfichie ugonjwa, hata akiwa baba yako, tafuta mtu mzima mwingine umwambie siku hiyo hiyo. Umechelewa kwa baba. Kwa kaka yako umewahi."

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, theluji ikifika magotini, Enebish alitandika farasi akaenda kwenye kipimo chake cha miezi sita. Hakuna aliyemkumbusha.