Beseni la Pili

Mama Pasi alipata jina hilo kwa kazi yake. Alifua na kupiga pasi nguo za watu pale pale sebuleni, tangu mwanawe hajaanza shule. Sasa mwanawe ameoa, na nyumba ina watu watatu na nusu: yeye, mwanawe, mkamwana wake, na mjukuu aliye tumboni.

Kila Jumamosi alifua nguo za nyumba nzima. Lakini mwezi huu alitumia mabeseni mawili. Nguo za mkamwana alizifulia beseni la pili, amevaa glavu za mpira, kisha akazianika kwenye kamba ya mbali. Hata kikombe cha mkamwana alikitenga.

Wasiwasi ulimwingia hospitalini. Alikwenda kupigwa picha ya goti, akaona tangazo mlangoni: mjamzito amwambie mhudumu kabla ya kupigwa eksirei. Mawazo yakamrudisha nyumbani. Mkamwana wake alikuwa mtafiti, na mwenyewe aliwahi kusema kwamba anachunguza eksirei za nyota.

Tangu hapo Mama Pasi akawa macho. Mbona binti anarudi macho mekundu? Mbona anajifungia akipigiwa simu? Jana alitega sikio mlangoni, akasikia: "Imewaka ghafla? Msiiache. Nakuja."

Leo uvumilivu ulimwishia.

"Mwanangu, acha kazi hiyo mpaka ujifungue."

"Kwa nini, mama?"

"Unajua kwa nini."

"Sijui," alisema mkamwana. "Ninachojua ni kwamba nguo zangu zinafuliwa kwa glavu. Kama sitakiwi hapa, kesho narudi kwetu."

Mara jirani akapiga hodi. Alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini, amefuata makoti yake meupe. Mama Pasi akamweleza yote, akitumaini kuungwa mkono.

Jirani alitazama makoti yake mezani. "Mama, haya unayafua kwa mikono mitupu miaka yote. Mbona huyaogopi?"

Mama Pasi aliyatazama makoti, kisha mikono yake.

"Eksirei hazigandi kwenye nguo," jirani aliendelea. "Ni kama mwanga. Ukizima taa, mwanga haubaki kwenye shati."

"Basi lile tangazo la nini?"

"Mashine ikiwa imewashwa, miale hupita mwilini. Mtoto tumboni lazima tumlinde. Ndiyo maana mjamzito atuambie mapema, daktari aamue kama picha inahitajika."

"Na huyu mwenye eksirei za nyota?"

"Hizo hazifiki huku chini, mama," mkamwana alijibu. "Hewa iliyo juu yetu inazizuia. Kwa hiyo darubini yetu ilirushwa juu kabisa, nje ya hewa. Inazipokea huko huko, halafu inatutumia taarifa kwa redio. Mimi nakaa na kompyuta tu. Ndiyo inayonichosha macho."

"Na kilichowaka ghafla?"

"Ulisikiliza mlangoni?"

"Nilikuwa napita," alisema Mama Pasi, akijifanya anakunja koti.

Mkamwana alitabasamu kidogo. "Ni nyota mbili zinazozungukana. Moja ilishakufa. Imebaki ndogo, lakini nzito ajabu, na inavuta gesi ya mwenzake. Gesi hiyo inapata joto kali mno, inatoa eksirei. Inaweza kutulia miaka, kisha ikawaka ghafla. Hapo tunawahi kuitazama kabla haijafifia."

"Yaani wanakaa pamoja, na mmoja anamnyonya mwenzake." Mama Pasi alitikisa kichwa. "Kumbe hata huko juu kuna wakwe."

Wote watatu walicheka. Kisha aibu ikamshika. "Nilimhofia mjukuu, nikakutesa wewe. Nisamehe, mwanangu."

"Siku nyingine niulize, mama."

Jumamosi iliyofuata nguo zote zilikuwa katika beseni moja. Glavu zilihamia kwenye ndoo ya kusafishia choo. Wakiwa wanaanika pamoja, simu ya mkamwana iliita. Alikimbilia ndani kuipokea, na mlango akauacha wazi.

"Imewaka?" aliuliza Mama Pasi kutoka uani.

"Imewaka nyingine, mama."

"Basi nenda. Zilizobaki nitazianika mimi."

Akachukua gauni la mkamwana, akalikung'uta, akalitundika kando ya lake.