Mimba ya Ngapi?

Wacera alikuwa fundi wa nguo huko Mowlem, mtaa mmoja wa Nairobi. Cherehani yake aliiweka mlangoni, penye mwanga. Kila asubuhi wanawake wa ploti, wapangaji wenzake wa ua mmoja, walipita hapo wakienda kuchota maji, wakiamkiana.

"Mama Eve, umeamkaje?"

"Salama, Mama Lorraine."

Wakifika kwa Wacera walisema, "Sasa, Fundi?" Kisha walipita.

Neno fundi halina ubaya. Lakini Wacera alikuwa ameolewa miaka sita bila kuitwa mama, na neno hilo lilimchoma.

Zamani walimletea nguo za watoto wachanga. Siku hizi walileta zipu mbovu na sare za shule tu. Mama Lorraine alipokaribia kujifungua, alipeleka vitambaa vya mtoto kwa fundi mwingine, ng'ambo ya barabara. Alivificha chini ya leso. Wacera aliviona. Mshono wake ulienda upande, ikabidi aufumue.

Mimba zilikuwa zimemtoka mara tatu. Mbili zilitoka kabla ya miezi mitatu. Ya tatu ilifika miezi mitano. Siku ile mumewe, Njogu, mchomeleaji vyuma, alimrudisha nyumbani kutoka hospitali. Kesho yake akaenda kazini. Tangu hapo walizungumza juu ya unga, maji na stima. Jambo lile hawakuligusa. Walilala kitanda kimoja, kila mtu na upweke wake.

Wacera alikuwa na siri pia. Kila alipopata mimba alibadilisha kliniki, maana aliona haya kukutana na nesi yule yule. Nesi mpya akimuuliza, "Hii ni mimba ya ngapi?" alijibu, "Ya kwanza." Alipewa kitabu kipya cha kliniki. Vitabu vitatu vilikuwa kwenye droo ya cherehani, na vyote viliandikwa mimba ya kwanza.

Jumanne moja alikuja Aoko, mhudumu wa afya wa mtaa. Watu walimwita Mama Odera. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba. Aliyemtangulia alikuwa akiuliza, "Watoto chini ya miaka mitano?" Wacera akijibu, "Hakuna," mtu yule aliandika sifuri na kuondoka. Kwa hivyo Wacera alikuwa ameshatayarisha "hakuna" yake.

Lakini Aoko hakuuliza hilo. Alikuwa akitazama mguu wa Wacera.

"Wacera, huo mguu umefanya nini?"

"Si ni cherehani tu, Mama Odera. Nakanyaga kutwa nzima."

"Umevimba tangu lini?"

"Siku nne. Unauma hapa nyuma."

Aoko alichutama. Hakuusugua. Aliugusa kidogo tu kwa nyuma ya mkono. Ulikuwa wa moto.

"Cherehani unaikanyaga kwa mguu gani?"

"Wa kulia."

"Na huu uliovimba ni upi?"

Wacera alitazama chini. "Wa kushoto," akasema polepole.

"Ambao unapumzika. Basi usisingizie cherehani." Aoko aliketi kwenye stuli. "Hebu niambie. Umewahi kushika mimba mara ngapi?"

Jibu la siku zote lilimjia mdomoni. Lakini Wacera alikuwa amechoka kukaa nalo peke yake. Alivuta droo, akatoa vile vitabu.

Aoko alivifungua kimoja kimoja. "Ya kwanza. Ya kwanza tena. Na hii pia ya kwanza! Kumbe kila nesi aliona mtu mgeni."

"Niliona haya."

"Haya ya nini, mama? Uliiba?"

Wacera alilia. Alilia kilio cha miaka sita. Aoko alimshika bega, akamwacha alie kidogo, kisha akasimama.

"Vaa viatu. Tunaenda hospitali sasa hivi. Mguu mmoja ukivimba hivi, pengine damu imeganda ndani ya mshipa. Damu hiyo ikisafiri hadi kwenye mapafu, inaua. Na hivi vitabu tunabeba vyote."

Hospitalini mguu ulipigwa picha. Kweli damu ilikuwa imeganda. Dawa zilianza siku hiyo hiyo. Daktari aliviweka vile vitabu vitatu mezani, kimoja kando ya kingine, akaagiza damu ipimwe kwa njia maalumu. Baada ya miezi mitatu ilipimwa tena, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi. Majibu yalikuwa yale yale. Siku hiyo Njogu alikuwa ameketi karibu na mkewe.

"Ugonjwa huu unaitwa APS," daktari alieleza. "Mwili una askari wa kupigana na magonjwa. Askari wako wamekosea, wanaushambulia mwili wenyewe. Ndiyo maana damu inaganda ovyo. Wakati wa mimba inaweza kuganda kwenye kondo la nyuma. Na kondo ndilo linalomlisha mtoto."

"Kwa hivyo si laana?" Njogu aliuliza.

"Si laana, na hauambukizi. Hakuna kosa alilofanya."

"Nitapata mtoto?" Wacera aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wengi hupata wakitibiwa. Siwezi kukuapia. Lakini usishike mimba kabla ya kuniona, kwa sababu hizi tembe unazomeza zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lazima tuzibadilishe. Na usijinunulie dawa dukani, hata aspirini."

Njiani Njogu alisimama ghafla. "Niliogopa kutaja wale watoto. Nilidhani nitakuumiza."

"Mimi nilidhani umenichoka," Wacera alijibu. Walibaki wamesimama hapo, watu wakiwapita.

Mwaka uliofuata, daktari alibadilisha dawa, akawaruhusu kutafuta mtoto. Wacera alipopata mimba alikwenda kliniki mapema.

"Hii ni mimba ya ngapi?" nesi aliuliza.

"Ya nne," alisema, akaweka vitabu vyote mezani.

Alipewa tembe ndogo ya aspirini ya kila siku, na sindano ya kuzuia damu kuganda, ya kudungwa tumboni. Njogu alifundishwa kuidunga. Mara ya kwanza aliishika, akairudisha mezani.

"Mikono ya kuchomelea mageti inaogopa kasindano haka?" Wacera alimtania. Ilikuwa miaka mingi tangu wacheke pamoja.

Mwezi wa tano ulipofika, kicheko kilikwisha. Wacera aliketi kwenye cherehani, mkono tumboni, akisubiri kuipoteza mimba hii pia. Wanawake walipita na "Sasa, Fundi?" yao. Ni Aoko tu aliyeingia na kuketi naye. Mwezi ukapita, mtoto akiwa bado anacheza.

Msichana alizaliwa wiki tatu kabla ya siku yake. Alikuwa mdogo, lakini alilia kwa nguvu. Sindano ziliendelea kwa wiki sita zaidi, kisha Wacera akarudia tembe zake za zamani, maana hata baada ya kujifungua damu huweza kuganda.

Siku ya chanjo, Wacera alimvika gauni aliloshona mwenyewe. Kliniki ilikuwa na nesi mgeni, kijana mchangamfu.

"Hongera, mama! Huyu ni wa kwanza?"

"Wa nne," Wacera alisema.

Nesi alitazama huku na huku. "Na wale wengine?"

"Hawakufika," Wacera alijibu. "Lakini waandike."